Kichwa Kinachouma Kila Siku: Dawa ya Leo Inapozaa Maumivu ya Kesho

Mama mmoja, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 38, aliingia kliniki ya mishipa ya fahamu akiwa amekifunga kichwa kwa kanga, akaikaza kama wafanyavyo wengi wanaotafuta nafuu. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha ya CT ya ubongo, majibu manane ya vipimo vya malaria, na cheti cha miwani. Kichwa kilikuwa kimemuuma karibu kila siku kwa miaka mitatu. Ili kupata fedha za kulipia picha ile, alikuwa ameuza kimoja kati ya vyerehani vyake viwili. Picha ilikuwa safi. Akauliza, "Daktari, kama ubongo wangu ni mzima, mbona siponi?"

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na wagonjwa kadhaa, ili asitambulike yeyote. Hata hivyo, kila sehemu yake nimeiona mara nyingi, na swali la mama huyu huulizwa na karibu kila mgonjwa wa aina yake. Jibu halikuwemo ndani ya bahasha. Lilikuwemo ndani ya mkoba wake.

Nilimwomba aweke mezani dawa zote alizonazo. Akatoa pakiti za parasetamoli, za diklofenaki, na za vidonge vyenye mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Nikamuuliza anakunywa vingapi. Akajibu kwamba si vingi, ni viwili tu asubuhi. Nikamuuliza tena, "Kwa siku ngapi katika mwezi?" Akatabasamu kidogo. "Siku zote, daktari. Bila hivyo siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano."

Makala haya yanahusu swali hilo la pili, ambalo katika miaka mitatu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nini maana ya maumivu ya kila siku

Kitaalamu, mtu huhesabiwa kuwa na maumivu sugu ya kichwa ya kila siku iwapo kichwa humuuma siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu. Hili si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la mwenendo, kama vile "homa" ilivyo jina la joto la mwili na si la kilichosababisha joto hilo. Kazi ya mhudumu wa afya ni kutafuta kilicho nyuma ya mwenendo huo.

Tatizo hili si la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 40 ya watu duniani wana aina fulani ya maradhi ya maumivu ya kichwa. Wengi wao hawafiki hospitali kamwe. Huishia kwenye duka la dawa. Wanaofika, aghalabu hufika wakiwa na hofu moja tu: uvimbe kwenye ubongo. Hofu hiyo haifai kubezwa, lakini ina utaratibu wake wa kuijibu, na utaratibu huo hauanzi na mashine.

Kwanza: dalili zisizongoja

Kabla ya kuzungumzia maumivu ya muda mrefu, ni lazima kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa wa hatari. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja iwapo ana mojawapo ya dalili zifuatazo:

- Maumivu makali mno yaliyoanza ghafla na kufikia kilele chake ndani ya dakika moja. Haya huweza kuashiria kuvuja kwa damu kichwani.
- Homa pamoja na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au degedege.
- Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kusema, kuona vitu viwili viwili, au kupungua kwa uwezo wa kuona.
- Maumivu mapya yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50.
- Maumivu yanayozidi mgonjwa anapolala, anapokohoa au anapojikamua chooni.
- Maumivu yaliyofuata ajali au kuanguka, hata kama zimepita wiki kadhaa, hasa kwa mzee au kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.
- Maumivu makali kwa mjamzito aliyepita wiki ya 20, au kwa mama aliyejifungua karibuni. Apimwe shinikizo la damu papo hapo, kwani hii huweza kuwa dalili ya kukaribia kifafa cha mimba.
- Maumivu mapya kwa mtu mwenye saratani, au mwenye maambukizi ya VVU.

Dalili hiyo ya mwisho yahitaji neno la ziada. Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokoka huwapata zaidi watu ambao kinga yao imeshuka sana kwa sababu ya VVU. Huanza polepole, kwa wiki mbili au zaidi, na mara nyingine bila homa kali wala shingo kukakamaa. Mgonjwa hulalamika kwamba kichwa kinamuuma kila siku, hupewa parasetamoli, hurudi nyumbani, na maisha yake hupotea. Kipimo cha antijeni ya kriptokoka katika damu ni rahisi na majibu yake hutoka haraka. Mhudumu asisite kukiomba.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kutazama ndani ya jicho. Wapo wanawake vijana wenye uzito mkubwa ambao shinikizo la maji yanayozunguka ubongo hupanda bila kuwepo uvimbe wowote. Picha ya CT huweza kuonekana ya kawaida, ilhali mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, na upofu unanyemelea. Kwa hiyo picha safi haitoshi kumwambia mgonjwa kwamba hana kitu. Kwa upande mwingine, mgonjwa ambaye historia yake haina dalili za hatari, na aliyepimwa vizuri mishipa ya fahamu na macho, kwa kawaida hana haja ya kuuza cherehani ili apigwe picha.

Wanaoshutumiwa bila kosa

Baada ya hofu ya uvimbe, lawama huangukia kwa malaria, presha na macho.

Malaria huumiza kichwa, lakini huja na homa na huenda kwa siku, si kwa miaka. Kipimo kikiwa hasi, kumpa mgonjwa dawa ya malaria kwa sababu kichwa kinamuuma ni kumpotezea fedha na kuchelewesha ukweli.

Shinikizo la damu lililopanda kidogo au kwa wastani kwa kawaida haliumizi kichwa. Huweza kuumiza linapopanda sana na kwa ghafla, kufikia 180/120 au zaidi. Kuamini kwamba presha hujitangaza kwa kichwa kuna madhara mawili: mwenye presha hunywa dawa zake siku ile tu kichwa kinapouma, na asiyeumwa kichwa hudhani yuko salama. Isitoshe, maumivu yenyewe hupandisha presha kwa muda. Na diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa mfululizo, nazo huipandisha.

Macho yanayohitaji miwani huweza kuchosha kichwa baada ya kusoma au kushona, na maumivu hayo hutulia mtu akipumzika. Hayaleti kutapika, wala hayamwamshi mtu alfajiri.

Zipo pia sababu za kweli ambazo hatuziulizii vya kutosha. Jiko la mkaa linalowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Ukisikia kwamba watu kadhaa wa nyumba moja huumwa kichwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, fikiria gesi hiyo, na jiko litolewe siku hiyo hiyo. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini huamka na kichwa kizito. Upungufu wa damu, sonona na wasiwasi wa muda mrefu navyo huchangia.

Mizizi miwili

Tukishaviondoa hivyo vyote, wagonjwa wengi wanaobaki wana mojawapo ya mizizi miwili, au yote miwili kwa pamoja.

Wa kwanza ni kipandauso. Maumivu yake, yasipotibiwa, hudumu kati ya saa 4 na 72. Hudunda, mara nyingi upande mmoja, ingawa si lazima. Huambatana na kichefuchefu au kutapika, na mgonjwa huchukizwa na mwanga na kelele. Kupanda ngazi humzidishia. Hutamani kulala gizani. Kipandauso hutembea katika familia, na huwapata wanawake takribani mara tatu zaidi ya wanaume, aghalabu kikifuata mzunguko wa hedhi.

Wa pili ni maumivu ya mkazo. Haya hubana pande zote mbili kama kofia iliyo ndogo, si makali sana, hayaleti kutapika, na hayamzuii mtu kutembea.

Nilipomuuliza yule mama kuhusu ujana wake, alikumbuka kwamba tangu akiwa na miaka 17, kila alipokaribia hedhi alitapika na kujifungia chumbani siku nzima. Mama yake mzazi alikuwa vivyo hivyo. Hicho kilikuwa kipandauso, na kilimjia mara moja au mbili kwa mwezi. Mzizi ulikuwapo kwa miaka 18 kabla ya maumivu ya kila siku kuanza. Ni nini basi kilichobadilisha siku mbili kwa mwezi kuwa siku 30?

Dawa inavyogeuka

Kilichobadilisha, kwa sehemu kubwa, ni vidonge vilivyokuwa mkobani. Ubongo wa mtu mwenye asili ya kipandauso au maumivu ya mkazo, ukipewa dawa ya kutuliza maumivu mara kwa mara, hubadilika taratibu: kizingiti cha maumivu hushuka, na dawa inapokwisha mwilini, maumivu hurudi. Mgonjwa hunywa tena. Kila kidonge huleta nafuu ya kweli kwa saa chache, na ndiyo maana ni vigumu sana kuamini kwamba ndicho kinachomrudisha nyuma.

Hili si jambo geni. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani walikwisha kuandika juu ya wagonjwa waliozidiwa na maumivu kwa kutumia ergotamini kupita kiasi, na wakapata nafuu walipoiacha. Wanywaji wa kahawa wanaofunga Ramadhani nao wanafahamu namna kichwa kinavyowauma katika siku za mwanzo, kisha kikatulia wenyewe. Mwili uliozoea kitu hudai ukinyimwa.

Vipimo vinavyotumika kimataifa ni hivi. Parasetamoli, aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na nyinginezo zisizo na mchanganyiko, zikitumiwa siku 15 au zaidi katika mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza kuleta hali hii. Kwa vidonge vya mchanganyiko, dawa zenye kodeini, tramadoli, ergotamini na triptani, kiwango ni siku 10 tu.

Tazama kwamba kinachohesabiwa ni siku, si vidonge. Anayekunywa vidonge viwili kila asubuhi yumo hatarini. Anayekunywa vidonge sita vya parasetamoli katika siku moja ya shambulio kali, mara mbili kwa mwezi, hayumo. Ndiyo maana mama yule alijibu kwa haki kwamba hanywi vingi.

Wala hili si suala la ulevi au udhaifu wa tabia. Watu wanaotumia dawa hizi kila siku kwa ajili ya viungo, bila kuwa na asili ya maumivu ya kichwa, kwa kawaida hawapatwi na hali hii. Ni ubongo wa aina fulani unaokutana na dawa ya aina fulani. Mgonjwa akilaumiwa, ataficha pakiti zake, nasi tutarudi kwenye kutafuta uvimbe.

Njia ya kutoka

Hatua ya kwanza ni daftari. Daftari la shule linatosha. Kila siku mgonjwa aandike tarehe, kama kichwa kimeuma na kwa kiasi gani kati ya 0 na 3, dawa aliyokunywa, usingizi, na siku za hedhi. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litamweleza daktari mambo ambayo hakuna picha inayoweza kuyaonyesha.

Hatua ya pili ni kuacha. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu huweza kuachwa mara moja. Zenye kodeini au tramadoli, pamoja na dawa za usingizi, zipunguzwe polepole chini ya uangalizi wa daktari. Mgonjwa lazima aambiwe mapema yatakayomkuta: kwa siku 2 hadi 10 kichwa kitazidi, atapata kichefuchefu, usingizi utapungua, atakosa utulivu. Asiyeonywa atasema dawa mpya inamdhuru, naye atarudi dukani siku ya tatu. Aliyeonywa hujipanga: hupunguza kazi, huwaambia nduguze, huchagua wiki isiyo na shughuli. Wengi huanza kuona tofauti ndani ya miezi miwili. Si wote, lakini hata wasiopona kabisa, dawa za kinga huwafaa vizuri zaidi baadaye.

Hatua ya tatu ni dawa za kinga, na inafaa zianzwe wakati huo huo. Amitriptilini huanzwa kwa miligramu 10 usiku na kuongezwa taratibu. Huleta usingizi, kinywa kukauka na choo kigumu, na itumiwe kwa tahadhari kwa wenye maradhi ya moyo, presha ya macho au tezi dume. Wagonjwa wengi huiacha baada ya kuambiwa kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Ni kweli ilianza kama dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hutuliza njia za maumivu. Dakika mbili za kueleza hilo huokoa miezi ya matibabu. Propranololi hufaa kwa kipandauso, ila asipewe mwenye pumu. Valproeti isitumike kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwani hudhuru mtoto tumboni. Topirameti nayo ina hatari kwa mimba. Dawa yoyote ya kinga ipewe wiki 8 hadi 12 katika dozi ya kutosha kabla ya kusemwa kwamba imeshindwa.

Na siku ya shambulio? Baada ya kipindi cha kuacha, mgonjwa hanyimwi dawa. Ibuprofeni miligramu 400 au aspirini miligramu 900, ikinywewa mapema maumivu yanapoanza, hufanya kazi vizuri kuliko nusu dozi iliyochelewa. Lakini isizidi siku mbili kwa wiki, na dawa hizi hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa nazo, au mjamzito. Aspirini hapewi mtoto.

Mengine ni ya nyumbani, nayo si madogo: kulala na kuamka saa zile zile, kutoruka milo, kunywa maji, kutembea nusu saa kwa siku nyingi za wiki, na kupunguza chai na kahawa hatua kwa hatua. Fundi anyanyuke kwenye cherehani kila baada ya saa moja, anyooshe shingo na mabega.

Kwa wenzangu dirishani na kliniki

Muuzaji katika duka la dawa muhimu ndiye mtu wa afya anayemwona mgonjwa huyu mara nyingi kuliko sisi sote. Mhudumu wa zahanati ni wa pili. Sisi wa hospitali za rufaa tunakuja mwisho, baada ya miaka. Kwa hiyo maswali haya mawili yanafaa kuulizwa dirishani, kabla ya pakiti kutolewa: "Mwezi uliopita kichwa kimekuuma siku ngapi? Na dawa umekunywa siku ngapi?" Jibu la pili likifika 10, mteja aelezwe na aelekezwe kituo cha afya. Muuzaji atapoteza bei ya pakiti moja.

Yule mama alichagua wiki ya kwanza baada ya sare za shule kukamilika. Dada yake alimshikia cherehani. Siku ya nne alitapika tangu asubuhi, akatuma mtoto dukani, kisha akamwita arudi kabla hajavuka barabara. Miezi mitatu baadaye aliniletea daftari lenye jalada lililochakaa. Siku za maumivu zilikuwa saba katika mwezi, na siku za dawa nne. Kipandauso chake hakijaondoka, na hakitaondoka kwa kidonge kimoja. Cherehani cha pili bado hajakinunua. Lakini safari hii kichwani hakuwa na kanga iliyokazwa.

Nawe msomaji unayeumwa kila siku, usizitupe dawa zako kwa kusoma makala haya. Anza leo kuandika siku. Baada ya mwezi, chukua daftari hilo pamoja na pakiti zote ulizonazo, tupu na zenye vidonge, uende nazo kituo cha afya kilicho karibu nawe, uziweke mezani.